Ukocha nje ya uwanja: Unavyotumiwa hospitalini, katika utengamao na darasani

NENO kocha si geni masikioni mwa Mkenya. Hulisikia redioni kila wikendi, hulisoma katika kurasa za michezo, na timu inapofungwa mabao matatu bila jibu, kocha ndiye wa kwanza kutupiwa lawama. Hata hivyo, neno hilo sasa linasikika pia mahali ambapo hapana mpira wala kipenga: katika kliniki za kisukari, katika vyumba vya tiba ya viungo na katika madarasa ya shule za msingi. Makala haya yanaeleza ukocha wa aina hiyo ni nini, ulitoka wapi, hufanywa vipi, ni wapi umethibitika kufaa na ni wapi umegonga mwamba.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Lilianzia katika kijiji cha Kocs nchini Hungary, ambako mafundi wa karne ya 15 walisifika kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Gari likachukua jina la kijiji, jina likaenea Ulaya, na kufikia miaka ya 1830 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walikuwa wakilitumia kwa mzaha kumwita mwalimu wa pembeni aliyewabeba hadi wakavuka mtihani. Miongo michache baadaye lilihamia michezoni, na kupitia michezo likatufikia sisi. Kwa hivyo, anayedhani kwamba ukocha umetoroka uwanjani na kuvamia shule ameipindua historia. Ulikuwa shuleni kabla ya kuingia uwanjani.

Ni vyema kuutofautisha na kazi nyingine zinazofanana nao. Mwalimu humpa mtu maarifa asiyokuwa nayo. Daktari huchunguza maradhi na kuandika dawa. Mshauri nasaha humsaidia mtu kuubeba mzigo uliomwelemea moyoni. Kocha naye huanza kwa kuamini kwamba mtu aliye mbele yake tayari ana maarifa na uwezo wa kiasi fulani, ila lipo pengo baina ya anachokijua na anachokitenda. Kazi ya kocha ni kumsaidia mtu huyo ataje lengo lake mwenyewe, aitazame hali yake bila kujidanganya, achague hatua moja, aijaribu, kisha aeleze ilikuwaje. Kocha huuliza zaidi ya anavyoeleza. Isitoshe, hurudi. Hilo la kurudi ndilo husahaulika mara nyingi, na ndilo gumu zaidi kuligharimia.

Aghalabu, wanaoandika historia ya ukocha wa kisasa humtaja Mmarekani Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi ambaye mwaka 1974 alichapisha kitabu kuhusu mchezo huo. Gallwey alikuwa ameng'amua jambo lililomshangaza. Kila alipommiminia mwanafunzi maagizo, inua mkono, kunja goti, geuza kiwiko, mwili wa mwanafunzi ulikakamaa. Alipomwambia autazame tu mpira unavyodunda, mkono ulianza kujirekebisha wenyewe. Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa mbio za magari kabla ya kuiacha kazi hiyo, aliieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwa hatua nne ambazo hadi leo hufundishwa kila pembe ya dunia: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo na azimio. Kampuni kubwa ziliupokea ukocha kwa mikono miwili. Hapa hatutawafuata mameneja wa kampuni hizo, kwani wao wana fedha za kujilipia makocha. Tutamfuata mgonjwa, mzazi na mwalimu.

KATIKA KLINIKI

Chukulia mzee wa miaka 60 aliyegunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Anafika kliniki kila mwezi, anapimwa, anaketi mbele ya muuguzi.

"Mzee, umepunguza chumvi?" muuguzi anauliza huku macho yakiwa daftarini.

"Nimepunguza, daktari."

"Dawa unameza kila siku?"

"Nameza."

"Haya, endelea hivyo. Na hiyo pombe uiache kabisa."

Mazungumzo haya huchukua dakika mbili, na hakuna kati yao anayeyaamini. Mzee anajua kwamba chumvi ni mbaya. Ameambiwa mara kumi. Muuguzi naye anajua kwamba anadanganywa kwa adabu. Kilichokosekana hapo si habari, na kumrudia mzee kwa habari ile ile kwa sauti ya juu hakutaziba pengo. Sasa tazama njia ya pili.

"Mzee, tumezungumza kuhusu dawa, chumvi na pombe. Ungependa leo tuanze na lipi?"

"Labda hiyo pombe, binti yangu. Mama watoto amelalamika sana."

"Ukijipima kuanzia 0 hadi 10, hamu yako ya kuipunguza iko wapi?"

"Andika 4."

"Kwa nini 4 na si 1?"

Mzee ananyamaza kidogo. "Nina mjukuu yuko gredi ya pili. Nataka nimwone akimaliza shule."

Swali hilo la mwisho lina siri yake. Lau muuguzi angeuliza kwa nini 4 na si 9, mzee angejitetea kwa kutaja sababu zote za kuendelea kunywa: baridi, marafiki, uchovu wa shamba. Kwa kuulizwa kwa nini si 1, ametaja sababu ya kuacha, naye ameisikia kwa kinywa chake mwenyewe. Watu huyashika yale waliyoyasema wao zaidi ya yale waliyoambiwa.

Mbinu hii ni ya mwanasaikolojia Mmarekani William Miller wa Chuo Kikuu cha New Mexico. Mwaka 1982 alikuwa nchini Norway akizungumza na wataalamu waliokuwa wakiwatibu watu walioshindwa na pombe. Walimtaka aeleze hatua kwa hatua anachokifanya akiwa na mgonjwa, na katika kueleza huko akatambua kanuni alizokuwa akizifuata bila kuzipa jina. Alizichapisha mwaka 1983, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakatoa kitabu. Kwa Kiswahili twaweza kuiita mbinu hii mazungumzo ya kuamsha ari. Kwa asili si ukocha, bali imekuwa chombo kikuu cha makocha wa afya, kuanzia vituo vya kurekebisha tabia za walevi hadi kliniki za kisukari. Miller na Rollnick huwaonya wahudumu kuhusu kile ambacho sisi tutakiita pupa ya kunyoosha, ile hamu ya kumrekebisha mtu pale pale mara tu unapoliona kosa lake. Ni hamu njema, tena ndiyo iliyowaleta wengi katika kazi ya uuguzi. Lakini mtu anayesukumwa upande mmoja husukuma kurudi upande wa pili, hata kama moyoni alikuwa amekwisha kuanza kukubali.

Jambo hili lina uzito kwetu. Mnamo Septemba 25, 2023, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wenye mikoba iliyo na vifaa kama vile vya kupima shinikizo la damu na kiwango cha sukari mwilini. Kifaa hicho kinapomwonyesha mama wa Kitui au Vihiga kwamba shinikizo lake limepanda, kazi ndiyo kwanza imeanza. Mhamasishaji akisoma nambari, akasema "punguza chumvi," akafunga mkoba na kwenda nyumba ya pili, atakuwa amehamisha yale mazungumzo ya dakika mbili kutoka kliniki hadi sebuleni. Akiwa amefunzwa kuuliza na kusikiliza, tena akajua kwamba atarudi mwezi ujao, anaweza kufanya jambo ambalo daktari mwenye foleni ya wagonjwa 80 hawezi kulifanya.

Je, mtu asiye na shahada anaweza kazi hiyo? Jibu mojawapo lilitoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Kina nyanya hao waliketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu waliolemewa na kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Hawakuyatumia maneno ya vitabuni. Walimwachia mtu ataje matatizo yake yote, achague moja, atafute hatua ndogo inayowezekana, kisha aende akaijaribu na kurudi. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, ukihusisha watu 573, yalichapishwa Marekani mwaka 2016. Baada ya miezi sita, wastani wa dalili kwa waliokalia benchi ulikuwa alama 3.81 kati ya 14, ilhali wale waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa walibaki na 8.90. Kina nyanya wale hawajiiti makocha. Hata hivyo, anayetaka kujua ukocha wa afya unavyofanana pale unapofanywa vizuri atajifunza mengi kwa kuwatazama.

BAADA YA KIHARUSI

Uwanja ambao umeuweka ukocha kwenye mizani kwa haki zaidi ni ule wa utengamao, yaani kazi ya kumrejeshea mtu uwezo alioupoteza kwa ugonjwa au ajali. Kiharusi kinafaa kuwa mfano, kwa kuwa hapa nchini wengi wanaokipata hurudi nyumbani baada ya siku chache wakiwa na mkono usioinuka, mguu unaoburura na ulimi mzito, na wataalamu wa tiba ya viungo ni wachache mno ikilinganishwa na mahitaji. Nyumbani anasubiriwa na jamaa wenye mapenzi tele, ambao humlisha, humvisha na kumkalisha kitini. Miezi hupita. Ule mkono unaohitaji kutumiwa ili upate nguvu umelala mapajani kwa sababu kila mtu anamwonea huruma.

Nchini New Zealand watafiti waliuliza swali jepesi: itakuwaje mtu huyo akitembelewa nyumbani, si kwa mazoezi, bali kwa mazungumzo ya kumsaidia kuzishika hatamu za maisha yake? Walianza na wagonjwa 172 wa jamii za Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Baadaye walirudia kwa wagonjwa wengine 400, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Mhudumu aliyefunzwa alifika na kijitabu. Hakutoa ushauri. Alimsaidia mgonjwa aeleze siku njema kwake ingekuwaje, anatumaini nini, anahofia nini, ni nani wa kumtegemea, na angependa kuanza na lipi. Wengine walipata kikao kimoja, wengine viwili, wengine hawakupata chochote zaidi ya huduma ya kawaida.

Baada ya mwaka mmoja, waliopata vikao hivyo walikuwa na afya bora ya mwili kwa takriban alama 2.9 katika kipimo kinachotumiwa kimataifa. Asilimia 12 kati yao ndio waliokuwa wakiwategemea wengine katika shughuli za kila siku, ilhali kwa wasiopata vikao waliotegemea wengine walikaribia asilimia 20. Kwa mazungumzo ya kikao kimoja au viwili, bila mashine wala dawa, hayo si matokeo haba.

Sasa linganisha na India. Huko watafiti waliwachukua wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14. Jamaa wa nusu yao walifunzwa na wataalamu jinsi ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi na kumsaidia kurejea katika shughuli zake, kisha wakaendelea na kazi hiyo nyumbani. Hoja ilikuwa ya busara: wataalamu ni haba, familia zipo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi sita, asilimia 47 ya wagonjwa ambao jamaa zao walifunzwa walikuwa wamefariki au wanategemea wengine. Katika kundi la pili, ambalo jamaa hawakufunzwa, idadi ilikuwa hiyo hiyo, asilimia 47.

Tafiti hizi mbili hazilingani moja kwa moja. Wagonjwa wa New Zealand walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kuishi nyumbani, wengi wakiwa na nafuu, na nchi yao ina huduma ambazo wengi wa wagonjwa wa India hawakuwa nazo. Hivyo si haki kudai kwamba utafiti mmoja umeuangusha mwingine. Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ipo tofauti moja isiyofaa kupuuzwa. Nchini India kazi ya mtaalamu ilihamishiwa kwa binti au mke, naye mgonjwa akabaki pale pale, mtu wa kufanyishwa. Nchini New Zealand mgonjwa ndiye aliyekabidhiwa kazi. Wanaopanga kuwafunza jamaa wa wagonjwa katika kaunti zetu, kwa kuwa hatuna wataalamu wa kutosha, wangefaa kuyasoma matokeo yote mawili kabla ya kuchapisha vijitabu.

Namna ya kumkabidhi mgonjwa kazi imefafanuliwa vyema na Wakanada Helene Polatajko na Angela Mandich. Wawili hao walishughulika na watoto ambao mikono na miguu yao haikubaliani: hawawezi kufunga vifungo, kuandika wala kuendesha baiskeli kama wenzao, ijapokuwa hawana ugonjwa unaoonekana. Badala ya kumshika mtoto mkono na kumwelekeza, mtaalamu humfunza maneno manne ya kujiongoza: lengo, mpango, tenda, kagua. Mtoto anataka kufunga kifungo cha shati. Mpango wake ni upi? Ajaribu. Je, umefaulu? Ikiwa haukufaulu, ni wapi kifungo kilipokwama? Mtoto hugundua mwenyewe kwamba alikuwa akikitazama kifungo ilhali tatizo liko kwenye tundu. Njia hii baadaye ilijaribiwa kwa watu wazima waliopata kiharusi. Hapa kwetu ni rahisi kuona itakavyokuwa: mama aliyepooza mkono wa kushoto anayesema kwamba haja yake si kuinua kopo la plastiki mara 20, anataka kusukuma chapati. Basi tiba yake ianzie kwenye kibao na unga. Ubao uzuiwe na nini usiteleze? Unga ukandwe kwa mkono upi? Je, akisimama ni rahisi kuliko akiketi? Mazoezi ya kopo na ya chapati huenda yakaamsha misuli ile ile, lakini ni moja tu ambalo mama huyo ataamka kulifanya bila kusukumwa.

Wazazi wa watoto wenye ulemavu nao wana ukocha wao, ulioandaliwa na Fiona Graham na Sylvia Rodger. Mtaalamu hukaa na mzazi, si mtoto, na kumuuliza ni saa ngapi ya siku iliyo ngumu zaidi. Mara nyingi jibu ni dogo kuliko mtaalamu alivyotarajia: kuoga, au kumlisha uji asubuhi kabla ya ndugu zake kwenda shule. Wakianzia hapo, mzazi aliyezoea kupewa orodha ya mazoezi na kisha kulaumiwa kwa kutoyafanya anakuwa mwenye shauri lake.

MWALIMU NAYE ANA KOCHA

Kwa upande wa elimu, Kenya si mwanafunzi wa nyuma. Wataalamu wengi wa ukocha wa walimu duniani wanaifahamu vizuri kazi iliyofanyika hapa.

Chanzo cha fikra hiyo ni Wamarekani Bruce Joyce na Beverly Showers, ambao mapema katika miaka ya 1980 walieleza kisa kinachojulikana na kila mwalimu. Mwalimu huhudhuria semina ya siku tatu, hupewa kalamu na daftari, hufurahia chakula, hurudi shuleni, na kufikia Jumatano anafundisha kama alivyofundisha mwaka jana. Kusikia mbinu mpya ni jambo moja. Kuitumia mbele ya watoto 60 bila mtu wa kukutazama na kukuuliza imekwendaje ni jambo jingine kabisa.

Mradi wa Tusome ulizinduliwa mwaka 2015 na Wizara ya Elimu kwa ufadhili wa shirika la Marekani la USAID, baada ya majaribio ya mradi uliotangulia wa PRIMR kati ya 2011 na 2014. Ulienea katika shule za msingi za umma zipatazo 23,000 pamoja na baadhi ya shule za gharama nafuu mitaani. Kila mtoto alipata kitabu chake, mwalimu akapata mwongozo wa kila somo, na maafisa wa mtaala katika zoni, ambao zamani waliitwa wakufunzi wa vituo vya walimu, wakapewa vishikwambi na kufanywa makocha.

Ziara ya afisa ilikuwa na mpangilio wake. Aliketi nyuma ya darasa akalitazama somo la kusoma tangu mwanzo hadi mwisho, akirekodi kwenye kishikwambi. Baadaye aliwachagua watoto watatu na kuwasikiliza wakisoma, maana somo linaweza kupendeza machoni ilhali watoto hawatambui herufi. Kisha aliketi na mwalimu kando. Kishikwambi kilionyesha pia mahali afisa alipokuwa, na nauli yake ilirudishwa kulingana na ziara alizozifanya. Msomaji anaweza kuliona hilo la nauli kuwa dogo. Kabla ya hapo, maafisa wengi walitumia siku zao kwa kazi za ofisi, si kwa uvivu, bali kwa sababu shule ya mbali hufikiwa kwa pikipiki na pikipiki haiendi bure.

Ugumu wa mazungumzo yale ya kando ni kwamba mwalimu wa Kenya amelelewa akimwogopa mkaguzi. Gari la ofisi ya elimu likiingia langoni, madaftari hupangwa na sauti hushuka. Afisa akianza kwa kusema, "Mwalimu, umeruka hatua ya tatu," huyo ni mkaguzi hata akiitwa kocha. Akianza na, "Mwalimu, umeonaje somo la leo? Yule mtoto wa dirishani alikwama wapi?" huenda mwalimu akayataja mwenyewe yale aliyoyaona. Na ikiwa afisa huyo huyo ndiye atakayeandika ripoti ya kupandishwa cheo, mwalimu atafunga kinywa, na ana haki ya kukifunga. Kofia hizo mbili hazivaliki kichwa kimoja bila mgogoro.

Ushahidi wa wengine unaafikiana na hili. Nchini Afrika Kusini, utafiti uliofanywa Mkoa wa Kaskazini-Magharibi kuhusu kusoma Kitswana ulizilinganisha shule ambazo walimu wake walipelekwa kwenye mafunzo ya pamoja na zile ambazo makocha walifika darasani. Vitabu na mipango ya masomo ilikuwa sawa. Baada ya miaka miwili, watoto wa shule zilizotembelewa na makocha walikuwa wamepiga hatua takriban maradufu ya wale wa shule za mafunzo. Nao Matthew Kraft na wenzake wa Marekani walikusanya tafiti 60 na kuchapisha mwaka 2018 hitimisho kwamba ukocha huboresha ufundishaji na pia matokeo ya wanafunzi, ila programu kubwa zenye walimu 100 au zaidi hupoteza karibu nusu ya nguvu iliyoonekana katika zile ndogo. Makocha wazuri hawachipuki kama uyoga.

Kuna funzo jingine kutoka PRIMR ambalo wanaoupigia ukocha debe hawalitaji sana. Watafiti walizigawa shule katika makundi. Moja lilipata mafunzo na ukocha tu. La pili likaongezewa kitabu kwa kila mtoto. La tatu likapata hayo yote pamoja na mwongozo wa mwalimu. Ukocha bila vitabu ulileta mabadiliko madogo. Kundi la tatu ndilo lililofanikiwa zaidi, tena kwa thamani bora ya fedha zilizotumika. Kocha aliyekuja kumuuliza mwalimu lengo lake, ilhali watoto watano wanagombania kitabu kimoja, amekuja na swali lisilo na jibu.

MIPAKA YAKE

Ndivyo ilivyo pia hospitalini. Mgonjwa aliyekosa dawa ya shinikizo kwa sababu duka la dawa la hospitali ni tupu hahitaji kuamshwa ari. Mtu anayetokwa damu haulizwi angependa tuanze na lipi. Mwenye mawazo ya kujiua apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Ipo hatari kwamba wakubwa wataupenda ukocha kwa kuwa unaonekana rahisi, na kwamba mgonjwa atabebeshwa wajibu ambao ni wa serikali kwa kisingizio cha kumwezesha. Mtu akiambiwa "chagua lengo lako" mahali pasipo na njia, hajapewa uwezo wowote.

Halafu lipo suala la nani ajiite kocha. Kenya ilipitisha mwaka 2014 sheria ya kuwasajili washauri nasaha na wanasaikolojia na pia ile ya wataalamu wa tiba ya viungo, kisha mwaka 2017 ikapitisha ya wataalamu wanaowasaidia wagonjwa kurejea katika shughuli za kila siku. Anayejitangaza kuwa kocha wa afya au wa maisha aulizwe mapema amefunzwa kazi gani na wapi, anasimamiwa na nani, hufanya nini anapokutana na jambo linalomzidi, na kama anauza dawa au vyakula vya kuongeza nguvu. Anayemshauri mgonjwa wa kisukari aache sindano za insulini anunue unga wake, huyo si kocha, ni mchuuzi, na mteja wake anaweza kufa.

Watu wengi sasa wanaitazama simu kama njia ya kupunguza gharama. Afrika Kusini ilikwisha kuijaribu, katika mkoa wa Mpumalanga. Baadhi ya shule zilipata kocha aliyefika darasani, nyingine zikapata kocha wa kupiga simu na kutuma ujumbe kwenye kishikwambi, na walimu wa pande zote mbili walikuwa na masomo yale yale. Baada ya miaka mitatu, watoto waliofundishwa na walimu waliotembelewa walikuwa mbele katika Kiingereza. Hapa Kenya, ufadhili wa Tusome ulikwisha, na USAID yenyewe ilifungwa mwaka 2025. Maafisa wa mtaala wangali katika zoni zao na shule zingali mbali. Nauli yao sasa ni suala la bajeti ya Kenya yenyewe.